Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: Tupeni mtu wa kumpigia simu

Ndugu Mganga Mkuu,

Salaam kutoka Igoma. Nina kisukari aina ya pili na natumia dawa ya metformin. Kliniki tunapimwa, tunaandikiwa dawa, tunaambiwa "punguza wanga, fanya mazoezi," kisha tunaagana hadi mwezi ujao. Maswali yenyewe yanatukuta nyumbani. Michembe ya asubuhi, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, nile kiasi gani? Ugali wa muhogo naupimaje, wakati sinia ni moja na tunakula wote? Miguu ikiwaka moto usiku, nisubiri kukuche au nikimbilie hospitali?

Sasa zinasikika habari za programu za simu janja za kumsaidia mgonjwa, nami nazipokea kwa mikono miwili. Ila naomba kwanza utazame yaliyoonekana Toronto, Kanada, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Wagonjwa 131 wa kisukari aina ya pili walipewa wote mshauri wa afya, na takribani nusu yao wakaongezewa simu janja. Wenye simu sukari yao ilishuka mapema zaidi, lakini kufikia miezi 6 makundi yote mawili yalikuwa yameshuka, karibu sawasawa. Simu iliharakisha. Mshauri walikuwa naye wote.

Mama mmoja muuza dagaa wa Mwaloni, tunayekaa naye benchi moja kliniki, ana kitochi kilichofungwa rababendi. Siku moja dagaa hawakuuzika, akameza glibenclamide, dawa ya kushusha sukari, bila kula, sukari ikamshuka akaanza kutetemeka na kutokwa jasho palepale mezani kwake. Aliyemwokoa ni kijana wa bodaboda aliyemnywesha soda. Mama yule hakuwa na namba ya mtu wa kumuuliza, "Leo sijala, dawa ninywe?" Swali hilo ni la dakika moja, na kitochi kinatosha kabisa. Wenzetu wa Ukerewe na Ukara, wanaovuka ziwa kufuata daktari, wanalihitaji jibu hilo kuliko sisi wa mjini.

Ombi langu: kliniki ya kisukari ipewe nesi aliyefundishwa ushauri, simu ya kituo yenye vocha, na saa zinazojulikana za kupokea na kutupigia. Asiongezewe kazi hii juu ya foleni aliyonayo, atachoka na simu haitapokelewa. Programu ifuate baadaye, kwa Kiswahili, isiyomaliza bando.

Anzeni na kliniki moja ya Nyamagana au Ilemela kwa miezi 6. Tupimeni HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu, mwanzoni na mwishoni bila malipo, na majibu ya jumla yabandikwe ubaoni tuyasome.

Wako,
Mgonjwa wa kisukari, Igoma, Mwanza