Nyanya zingoje: barua kwa mwanangu aliye Dodoma

Tanga, Jumapili, baada ya alasiri

Mwanangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Sisi huku hatujambo. Goti la mama yako limetulia, na yule paka uliyetuachia amezaa tena, safari hii ndani ya kabati la vyombo, kwa hiyo tunakulia sahani zilezile nne.

Juzi uliponipigia kuomba nyongeza ya matumizi, ulisema maisha ya Dodoma ni ghali na chakula ndicho kinachokumaliza. Nikaanza kukuonea huruma. Kisha nikasikia mtu nyuma yako anauliza, "Yai moja au mawili?" Ukajibu "mawili" upesi upesi, ukarudi kwangu na sauti yako ya njaa. Simu za siku hizi zinasikia mbali, baba.

Hela nimekutumia, sina ugomvi. Lakini jiko la gesi tulikununulia, mtungi wa kilo 6, na sufuria mbili, na mwiko, na kisu. Kwa maneno yako mwenyewe, tangu uhamie hicho chumba jiko limechemsha chai tu. Sehemu ya kosa ni yetu. Ulipokuwa mdogo kila ukiingia jikoni ulifukuzwa, "Toka, utaungua!" Sasa una miaka ishirini na mmoja na hujui maharage yanaingia na nini.

Usicheke kwamba ninayeandika ni mimi. Mama yako ukimwuliza chumvi kiasi gani, anakwambia "mpaka itoshe". Ukimwuliza kwa muda gani, anasema "utaona". Yeye alikua na mwiko mkononi, hawezi kueleza. Mimi nilijifunzia ukubwani, kwa kuunguza, na mtu aliyejifunza kwa kuunguza anakumbuka kila hatua.

Unajua kwamba kabla hujazaliwa nilikuwa utingo wa lori. Tulikuwa tunapakia machungwa Muheza na nazi Pangani, tunapita Segera, Chalinze, Morogoro, tunapandisha Gairo mpaka hapo hapo Dodoma ulipo. Gari likiharibika hapakuwa na mgahawa. Palikuwa na mawe matatu, sufuria moja, na kikapu cha dereva wangu, mzee wa Korogwe ambaye hakuwa na haraka ya kitu chochote duniani. Ndani ya kikapu mlikuwa na unga, chumvi, chupa ya mafuta, vitunguu, nyanya na dagaa. Basi. Siku ya kwanza aliponiachia sufuria nilivitia vyote kwa pamoja, nikamwaga maji, nikafunika. Alipofunua alitazama kwa muda mrefu, akasema, "Umewaogesha." Tukala hivyo hivyo, dagaa wanaelea, wananuka ziwa zima.

Kesho yake akanionyesha. Na wewe fanya hivi. Dagaa hawa wa Mwanza, ambao ndio utakaowapata kwa bei ya mwanafunzi, wana mchanga. (Wa Kigoma ni watamu zaidi na wasafi zaidi, lakini muuzaji anajua hilo kukushinda wewe.) Toa vichwa. Wamwagie maji ya moto, wafikiche kidogo kwa mkono, waache mchanga ushuke chini, uwatoe kwa juu bila kumimina. Rudia mpaka maji ya bakuli yawe meupe. Wakamue, wakauke kidogo. Bandika sufuria, mafuta vijiko vitatu vya chakula, kitunguu kimoja kilichokatwa vyembamba. Kikianza kuwa rangi ya dhahabu watie dagaa na chumvi, na hapo usiondoke. Geuza geuza mpaka usikie wanalia wakigusana na mwiko, sauti kavu. Hapo ndipo nyanya mbili zinaingia. Zikishalainika na kushikana na dagaa, kamulia ndimu, epua.

Yule mzee alikuwa na neno lake moja: "Nyanya ni maji. Ukitanguliza maji, umechemsha." Nililichukulia kuwa ni neno la dagaa tu. Ilinichukua miaka kugundua kwamba ni la kila sufuria yenye vitu vichache. Pilau ina bizari, ina vitunguu saumu, ina mdalasini, ukikosea mpangilio harufu itakusitiri. Dagaa na nyanya hawakusitiri.

Ngoja nikukumbushe maharage yangu, kama umesahau. Ulikuwa darasa la pili. Mama yako alikwenda Pangani kumwuguza bibi yako, tukabaki sisi wawili. Siku ya tatu nikajitia ujuzi. Nikabandika maharage na nyanya nne zilizoiva sana, nikakamulia na ndimu nikijiambia yatakuwa na ladha ya Mombasa. Tangu alasiri. Magharibi ikapita, isha ikapita, mkaa wa debe zima ukaisha. Ukachukua moja ukaliuma, ukaniambia, "Baba, haya si tungechezea gololi?" Tukalala na mkate na chai. Mama yako aliporudi nikamweleza, akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe ukali wa nyanya na ndimu unalifanya ganda la harage ligome kulainika. Unaweza kuchemsha mpaka kesho.

Kwa hiyo sikiliza. Nusu kilo ya maharage, chagua mawe kwanza, loweka usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale, weka mapya, bandika moto mkali. Yachemke kwa nguvu dakika kumi kamili, usipunguze. Maharage mekundu yasiyochemka vizuri yana kitu kinachovuruga tumbo, utashinda chooni na mtihani hutaufanya. Halafu punguza moto, funika, yaache. Huku Tanga saa moja na nusu yameiva. Huko ongeza muda, usidhani gesi yako ni mbovu. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100 kama huku pwani. Na maji yenyewe ya huko yana chumvichumvi, nayo inachelewesha. Wenyeji wako watakwambia utie magadi. Tia, lakini chembe tu, kama unavyochota kwa ncha ya kisu. Ukizidisha yatavurugika na utahisi umekula sabuni.

Kama gesi inakutia wasiwasi, kuna ujanja. Yakishachemka zile dakika kumi na nyingine ishirini, zima moto, usifunue, ifunge sufuria kwenye lile blanketi zito ulilosema Dodoma hulihitaji isipokuwa mwezi wa Juni na Julai. Nenda darasani. Ukirudi baada ya saa mbili yatakuwa yamejipika zaidi ya nusu, na moto mdogo unamaliza. Weka gazeti kati ya sufuria na blanketi, maana masizi mama yako atayaona hata kwenye picha.

Harage likibonyezeka kwa vidole viwili bila kubishana, hapo ndipo chumvi, na hapo ndipo nyanya. Si kabla. Kitunguu kaanga pembeni katika sufuria ya pili, tia nyanya, zikiiva mimina kwa maharage. Lakini yaunge yale ya kula siku hiyo tu. Huna friji. Maharage yaliyochemshwa na chumvi ukiyachemsha tena usiku na asubuhi yanafika siku ya pili salama. Yaliyoungwa kwa nazi na nyanya yanachacha ukiwa umelala. Ukifunua ukakuta mapovu na harufu ya togwa, mwaga. Usijaribu kuyaokoa kwa pilipili.

Sasa nazi. Wewe umekulia kwenye tui, najua huko unaona kila mboga ni kavu. Nazi ikifika Majengo sokoni imeshalipa nauli ya lori kutoka pwani, mimi mwenyewe nilikuwa naipandisha bei kwa mgongo wangu. Wenyeji wa huko wana karanga, nawe kula za huko. Mchicha wa karanga unataka vitu vinne: mchicha, kitunguu, karanga, chumvi. Osha mchicha ndipo uukate. Ukiukata kwanza unaosha utamu wote unaumwaga. Kitunguu na mafuta kidogo, mchicha, funika uvujishe maji yake, usiongeze. Karanga zilizosagwa, ngumi moja, zikoroge pembeni kwa maji baridi ziwe kama uji mwepesi. Ukizitia kavu kwenye moto zinafanya mabonge na hutayavunja mpaka Iddi. Mimina, koroga, moto mdogo, dakika kumi hivi, mpaka uone mafuta mekundu yanachungulia juu. Karanga hushika chini ukigeuka tu kutazama simu.

Hapa sitanii: karanga ununue nzima, uzitazame, ndipo upeleke kusagwa. Iliyokunjamana, yenye ukungu, iliyogeuka rangi, au yenye uchungu ukiionja, toa. Ndiyo sumukuvu hiyo, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa hapo Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo hiyo. Karanga zilizosagwa zinazouzwa kwa bei ya kutupa, jiulize zilikuwaje kabla hazijasagwa.

Ugali sikufundishi, nimekuona ukisonga. Chapati nazo sizigusi. Ni unga, maji, chumvi na mafuta tu, lakini ni za mama yako, nikiandika hapa atapitia na kalamu nyekundu.

Nikuachie wali, kwa siku ya Ijumaa. Ndani ya boksi hili lililokuja na barua kuna nazi tatu. Nilizitikisa mwenyewe moja moja, zote maji yanacheza. Nazi isiyolia usiinunue. Chini kuna mbuzi ya kukunia, nimeifunga magazeti kwenye meno yake, ifungue taratibu. Kaa juu yake kiume, ikune nazi kwa kuzungusha, ukifika karibu na kifuu acha, yale machicha ya kahawia yanalitia tui rangi. Mwagia maji ya vuguvugu kikombe kimoja, kamua kwa nguvu zote, chuja: hilo ni tui zito, liweke mbali. Rudia kwa maji mengine: hilo ni jepesi. Kwa wali changanya yote mawili, vikombe viwili vya tui kwa kikombe kimoja cha mchele. Bandika tui na chumvi, na mpaka lichemke uwe unachota kwa upawa na kumimina, chota mimina, usiache. Ukiliacha linakatika, mafuta huku maji kule, na wali unakuwa na sura ya mgonjwa. Likichemka tia mchele uliooshwa, acha moto uwe mkubwa mpaka tui likaribie kukauka.

Huku sasa tungepalia makaa juu ya mfuniko. Wewe huna makaa. Shusha gesi hadi moto uwe kama wa kibatari, funika, na juu ya mfuniko pandisha kitu kizito, hata kitabu chako kile cha uhasibu. Robo saa. Na nisisikie umefunika wali kwa nailoni kama wanavyofanya wengine. Plastiki kwenye mvuke ni ya kula? Mifuko yenyewe ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, sijui wanaitoa wapi. Ukoko utakaobaki chini usiloweke. Ukwangue, unyunyizie chumvi, ule umesimama. Hiyo ni haki ya mpishi.

Kama kwenye maharage utataka kutia tui mara moja moja, jepesi litangulie lichemke nayo, zito liingie mwisho kabisa, litokote kidogo tu uepue. Nadhani umeshaona mwendo wenyewe.

Nazi ya tatu mpe yule jirani anayekuazima upawa, nawe ununue wako. Kifumbu cha kuchujia tui hakimo, mama yako amekataa kukitoa, anasema alipewa na mama yake na hakijawahi kuvuka Segera. Chujia kile kitambaa cheupe nilichofungia pilipili kavu. Lakini kifue kwanza, kwa sabuni, mara mbili, ndipo ukamue tui.

Baba yako