Mzazi si wa kuitiwa sahihi tu

Ndugu Mhariri,

Ile ripoti yenu kuhusu wazazi wanaowatupia walimu mzigo wa watoto wenye mahitaji maalumu nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimeshakasirika. Miaka mingi nimekuwa msomaji wa kimya. Safari hii nimeshindwa. Walimu wakuu wamezungumza, maofisa wa elimu wamezungumza, hata mwanasaikolojia kapewa aya yake. Mzazi hata mmoja hakuulizwa, halafu kichwa cha habari kinasema wazazi hawashirikiani na shule!

Nina binti wa darasa la nne. Sikio lake la kulia halisikii kabisa, la kushoto husikia kwa msaada wa shimesikio, kile kifaa kidogo cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni. Alipoanza shule anayosoma sasa nilipeleka barua pamoja na ripoti ya daktari wa masikio: akae mbele, upande wa kulia wa darasa, ili sikio lenye uhai limwelekee mwalimu na wenzake. Nikajibiwa kwamba imepokelewa.

Baadaye nikaitwa kwenye kikao cha "kushirikishwa". Nikakuta mpango wake binafsi wa elimu umeshachapwa na kupigwa muhuri, pamebaki mstari wa sahihi ya mzazi, na kalamu imelazwa juu yake kabisa nisije nikapotea. Nikasema nitasoma kwanza. Wakatazamana. Mle ndani imeandikwa kwamba mtoto hana umakini, hasa kwenye imla. Nikaomba nioneshwe anapokaa. Dawati la mbele, kweli, ila limebanwa kwenye ukuta wa kushoto. Sikio pekee linalosikia limekabidhiwa ukuta. Na imla yenyewe husomwa mwalimu akizunguka katikati ya madawati, kitabu kimemziba mdomo. Mhariri, hebu simama mbele ya kioo useme baba, papa, mama bila kutoa sauti. Midomo inafunga na kufungua vilevile. Sasa mtoto anayetegemea kusoma midomo, na siku hiyo kapewa mgongo, akiandika "bata" badala ya "pata", hapo tatizo ni umakini? Shimesikio halimrudishii mtu sikio alilozaliwa bila. Linakuza kila kitu, kiti kinachoburutwa na kikohozi cha jirani vikiwemo, na linasaidia zaidi msemaji akiwa umbali wa mita moja au mbili, siyo akiwa huko nyuma ya darasa. Ndiyo maana ikifika mchana binti yangu yuko hoi, maana kwake kusikiliza ni kazi ya kutoa jasho, na mtu akimwona kajiinamia dawatini anamwandika mvivu. Yote haya yalikuwemo kwenye barua. Nilipoiulizia, ilitolewa kwenye jalada, jalada likatolewa kwenye kabati, kabati likafunguliwa kwa ufunguo anaokaa nao mwalimu mkuu, kwa sababu eti taarifa za mtoto ni siri. Siri kwa nani? Mwalimu wa darasa niliyemkuta mwanzo alikuwa ameshahama, na aliyempokea ndiyo kwanza anaiona. Nikaambiwa, "Mama, haya mambo tuachie sisi wataalamu." Sikutia sahihi. Nadhani kwenye takwimu zao mimi ndiye yule mzazi asiyeshirikiana.

Nimpe haki yake mwalimu huyo mpya: aliisoma barua palepale amesimama, kesho yake dawati likahama. Hakusubiri semina.

Wanaodhani nadai upendeleo wajue kwamba Azimio la Salamanca la mwaka 1994 kuhusu elimu ya wenye mahitaji maalumu, lililopitishwa na wajumbe wa serikali 92, lilishasema kwamba elimu ya watoto hawa ni kazi ya pamoja ya wazazi na wataalamu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 nao, katika ibara ya 24, unataka mwanafunzi afanyiwe marekebisho kulingana na mahitaji yake. Kutoa dawati ukuta huu kulipeleka ule ni marekebisho. Halihitaji mfadhili.

Na kwa kuwa nimetaja wafadhili, hizo picha zenu! Ripoti inazungumzia ushirikiano wa wazazi na walimu, picha inaonesha watu wazima sita wameshikilia kiti kimoja cha magurudumu, mtoto yuko katikati anatazama chini, jina lake kamili liko hapo chini na shule anayosoma. Nani aliwaruhusu? Mzazi wake alikuwepo, au naye aliletewa kalamu? Mtoto huyo atakua, na picha itakuwa bado inazunguka mitandaoni. Kiti wangeweza kukabidhi bila kamera, kingetembea vilevile.

Pendekezo langu ni hili. Kila shule ichukue daftari la mahudhurio, kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho kila mwalimu wa darasa, wa kudumu au wa kushikiza, lazima akifungue asubuhi. Ndani ya jalada lake la mbele ibandikwe karatasi moja kwa kila mtoto mwenye mahitaji maalumu. Iandikwe na mzazi, isizidi mistari kumi, na iseme mambo ya kufanya tu: akae wapi, asemeshwe vipi, akichoka anaonekanaje. Jina la ugonjwa na ripoti za daktari vibaki kabatini na ufunguo wake. Mwalimu mkuu atie sahihi wa kwanza, mzazi wa mwisho, baada ya kwenda mwenyewe kuliona dawati. Kama kikwazo kitakuwa gundi, tuambiwe tuchange. Kwenye michango hatujawahi kusahaulika.

Mzazi wa darasa la nne
(Jina na anwani anavyo Mhariri)