Harambee ya Kununua Kipimo cha Vinasaba kwa Wakulima wa Mboga

Ndugu wakulima, wazazi na marafiki wa kikundi chetu,

Tunawaomba mchango wa kununua kifaa kidogo cha kupima vinasaba vya bakteria wanaoua mboga zetu. Tunajua mahitaji ni mengi, ila kutibu kwa kubahatisha kunatugharimu zaidi.

Nyanya inayonyauka huenda ina mnyauko bakteria, unaoletwa na Ralstonia solanacearum, au mnyauko wa fusari, ambao ni kuvu. Mwanzoni dalili hufanana. Wengi wetu hukimbilia dawa ya ukungu, nayo haiui bakteria. Ukikata shina na kulichovya kwenye glasi ya maji safi, ute mweupe kama maziwa ukichuruzika, bakteria yupo. Tuendelee na kipimo hicho, kizuri sana, lakini kinasubiri mmea uugue kwanza. Mche uliobeba vimelea bila dalili unaweza usitoe ute wowote. Mbegu ya kabichi yenye Xanthomonas, bakteria wa uozo mweusi, nayo huonekana safi kabisa.

Vinasaba ndivyo vinavyomtaja kimelea angali amejificha. Tangu mwanasayansi Kary Mullis alipobuni PCR, mbinu ya kunakili vinasaba, mwaka 1983, kipande kimoja cha DNA (yaani vinasaba) huweza kurudufiwa: kwa hesabu, mizunguko 30 huzaa nakala zaidi ya bilioni moja. Ila mashine yake hupandisha na kushusha joto kila mzunguko. Sisi tumechagua LAMP, njia nyingine ya kurudufu DNA, iliyochapishwa na watafiti wa Japani mwaka 2000. Hutumia joto moja tu, nyuzi 60 hadi 65, na jibu huja ndani ya saa moja hivi. Rangi ya kichupa ikibadilika, kimelea kipo.

Mzigo mkubwa ni vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vinavyoisha na kuhitaji friza isiyozimika, pamoja na mafunzo ya vijana wapimaji. DNA ya sampuli moja ikiingia kwenye nyingine, mkulima ataambiwa ang'oe miche isiyo na ugonjwa! Kwa hiyo mafunzo hatutayapunguza hata senti.

Kipimo hakiponyi. Mnyauko bakteria hauna dawa, na vimelea wake hukaa udongoni miaka. Lakini anayejua mapema hatapandikiza miche iliyoambukizwa, na penye ugonjwa atapanda nafaka badala ya nyanya, biringanya, pilipili au viazi.

Fedha mpeni mweka hazina, mchukue stakabadhi. Friza nzima tunaipokea, na mwenye ujuzi wa maabara atujie kufundisha. Mahesabu yatasomwa kila mkutano. Miche ya kila mkulima itapimwa, awe amechanga au hakuchanga, maana bakteria wa shamba la jirani hufuata maji ya mfereji mpaka letu.