Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Mwanza: kitabu cha viboko kiko wapi?

Ndugu Afisa Elimu,

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama nimekuzidi mimi, marahaba.

Nilisoma shule ya msingi miaka ya 1980, jirani na mwalo mmoja wa wavuvi upande wa Ilemela. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe. Ikishagongwa mara ya pili, umechelewa: unapiga magoti kwenye changarawe kumsubiri mwalimu wa zamu. Fimbo unaikata mwenyewe. Ukileta nyembamba ikavunjika, unarudishwa ukalete nyingine, na zile za mwanzo hazihesabiwi. Wajanja walivaa kaptura mbili, lakini mwalimu aliwajua kwa mlio tu.

Mimi nilikuwa mchelewaji sugu. Mama alinunua dagaa wabichi alfajiri, mitumbwi ya karabai ikirudi, na wasipoanikwa mapema wanaharibika. Tunaanika mchangani, mimi na dada, halafu mbio. Nikinyoosha mkono kuchapwa, magamba bado yamenata kiganjani yanang'aa. Siku moja fimbo ilipotua, gamba lilimrukia mwalimu shatini. Akalikung'uta, akaendelea kuhesabu.

Sasa angalia hili. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo siku za mbalamwezi niliwahi namba kama mtoto wa mwalimu. Giza likirudi, changarawe inajaa, karibu wote watoto wa mwaloni. Miaka saba, na hakuna mwalimu aliyeligundua. Angeligundulia wapi, wakati hapakuwa na mahali lilipoandikwa?

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 unazijua kuliko mimi. Viboko visizidi vinne, kwa kosa kubwa, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi. Na kila adhabu iandikwe kitabuni: jina, kosa, idadi, aliyechapa.

Hivi karibuni mjukuu wangu alirudi nyumbani na mistari sita mapajani. Kosa: kuchelewa. Nilikwenda shuleni kwao, shule ambayo sitaitaja jina, nikaomba kukiona kitabu. Mwalimu mkuu, mtu mpole kabisa, alinipa kiti, akafungua kabati, akapekua sana, akaniletea kitabu cha wageni. Nikasaini.

Wazee wenzangu husema fimbo ndiyo iliyotunyoosha. Labda wao. Mimi kilichoniwahisha shuleni ni mbalamwezi. Na mwaka 2018 mtoto alipofariki kule Bukoba baada ya kipigo cha mwalimu wake, sisi wa ng'ambo hii ya ziwa tulipaza sauti wiki chache, tukarudi kwenye shughuli zetu.

Ombi langu ni dogo. Ukiita wakuu wa shule, kila mmoja aje na kitabu chake mkononi. Asiye nacho aeleze anachapa kwa kanuni ipi. Kisha kwenye mikutano ya wazazi kisomwe, bila majina ya watoto: tarehe, kosa, idadi ya viboko.

Mimi nitakuja na kalenda inayoonyesha miandamo ya mwezi.

Wako,
Babu wa mwanafunzi, Ilemela