Wito wa harambee ya ulinzi shirikishi katika mtaa wetu wa mlimani, Mwanza

Ndugu wakazi wa mtaa wetu, wenye nyumba na wapangaji, wafanyabiashara, viongozi wa dini zote, pamoja nanyi mliokulia hapa na sasa mnaishi mbali,

Kamati ya ulinzi shirikishi, kwa idhini ya mkutano mkuu wa wakazi na kwa kushirikiana na mkaguzi wa polisi wa kata yetu, inawaomba michango itakayofikia shilingi 9,000,000, ili ulinzi wa usiku ambao vijana wetu wamekuwa wakiufanya kwa kujitolea upate mwanga, vifaa na mahali pa kukaa.

Anayeifahamu Mwanza anajua jinsi nyumba zetu zilivyopanda vilima na kujibanza katikati ya majabali. Ukishaiacha barabara ya lami kule chini hakuna gari linalopita. Kuna ngazi za mawe, vichochoro, na mifereji ya maji ya mvua ambayo wakati wa kiangazi hugeuka njia. Polisi wakipigiwa simu huja, lakini hulazimika kuliacha gari chini na kupanda kwa miguu huku wakiulizia nyumba, na kwa muda huo mwizi aliyezizoea njia huwa ameshatokea upande wa pili wa mlima. Dakika za mwanzo, basi, ni za majirani, na zikipotea hakuna atakayezirudisha.

Wanaoumia zaidi ni kina mama wanaotoka saa kumi alfajiri kuwahi dagaa na samaki kule Mwaloni, Kirumba. Katika njia yao kuna mahali ambapo majabali mawili yamekaribiana kiasi kwamba watu hupita mmoja mmoja; taa ya baraza ya nyumba ya mwisho haifiki pale, na aliyejificha kivulini humwona anayeshuka kabla yeye hajaonekana. Mama anayeporwa pale hapotezi fedha ya matumizi ya siku moja. Hupoteza mtaji mzima, na mara nyingi mtaji huo ni mkopo wa kikoba ambao wenzake wanausubiri ili nao wakopeshwe. Ndiyo maana taa ya kwanza itafungwa hapo, na kamati haitakubali ihamishiwe mbele ya nyumba ya mtu yeyote, hata awe amechangia kiasi gani.

Si wizi wote unaofanyika gizani. Mwaka huu, mchana kweupe, watu watatu waliingia katika chumba cha mpangaji aliyekuwa kazini, wakateremka ngazi za mawe wamebeba runinga, godoro na mtungi wa gesi. Jirani aliyekuwa akianua nguo aliwaona vizuri, wakasalimiana naye, akadhani mpangaji anahama. Hakuwa akimjua mpangaji huyo kwa jina wala hakuwa na namba yake ya simu, ingawa walikuwa wakichota maji katika bomba moja. Hatumlaumu jirani huyo, kwa maana wengi wetu tungefanya vilevile. Tunachoomba ni kila mwenye nyumba kumpeleka mpangaji mpya kwa mjumbe aandikishwe katika daftari la wakazi siku anayohamia, na kila wakazi wa nyumba kumi kupeana namba za simu. Hilo halihitaji hata senti moja, na bila hilo taa zitakuwa zikimmulika mtu asiyejulikana na yeyote.

Sisi wa kanda hii hatuanzishi jambo geni. Sungusungu, yaani ulinzi wa jadi wa wanakijiji wenyewe, ilizaliwa huku Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wizi wa ng'ombe ulipokithiri na silaha zilizozagaa baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 zilipokuwa mikononi mwa majambazi. Mwano, yaani yowe la kuomba msaada, ukipigwa, wanaume walitoka na kufuata nyayo za mifugo hadi kijiji cha jirani. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo na kuitambua sungusungu kisheria. Wazee wetu walifanikiwa kwa sababu yowe la mmoja lilikuwa la wote. Lakini historia hiyohiyo ina upande tusioutaka urudi: watuhumiwa walipigwa, na vikongwe waliteswa kwa kushukiwa uchawi.

Kwa hiyo kamati inatamka wazi kwamba fedha hizi hazitanunua rungu wala panga. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai humruhusu raia kumkamata mhalifu, na humtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Mlinzi atakayempiga mtuhumiwa ataondolewa siku hiyohiyo na jina lake kufikishwa kituoni. Tunaamini kwa dhati kuwa anayekimbilia tairi na petroli ni yule aliyekaa muda mrefu akiona hana wa kumtegemea, na kwamba ulinzi wa zamu, unaoonekana kila usiku, utaokoa hata maisha ya huyo kijana anayeiba.

Shilingi 3,920,000 zitanunua taa 14 za sola pamoja na nguzo na ufundi. Kibanda cha walinzi, cha tofali na bati, kitagharimu shilingi 2,480,000. Walinzi 24 wa zamu watapatiwa tochi, filimbi, koti la mvua, gamboti na fulana ya kung'aa kwa shilingi 1,800,000. Shilingi 800,000 zilizobaki ni akiba ya matibabu kwa mlinzi atakayeumia, kwa maana si haki kumwomba kijana asimame usiku kwa ajili ya watoto wetu, kisha akivunjika mguu mama yake aanze kupitisha kofia.

Tunapendekeza shilingi 15,000 kwa kaya, na zinaweza kulipwa kwa awamu tatu. Mpangaji wa chumba kimoja achangie 5,000. Wajane na wazee wanaoishi peke yao hawadaiwi. Kila mchango ukabidhiwe kwa mweka hazina katika ofisi ya serikali ya mtaa na utolewe stakabadhi, na orodha ya mapato na matumizi itabandikwa kwenye ubao wa matangazo kila mwisho wa mwezi. Asiyepewa stakabadhi asitoe fedha.

Harambee yenyewe itafanyika Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, saa nane mchana, mbele ya ofisi ya mtaa. Jumamosi itakayofuata, mchanga, tofali na saruji vitashushwa barabarani kule chini. Kwa kuwa gari haliwezi kupanda, tunamwomba kila mwenye nguvu, awe amechangia fedha au la, afike saa moja asubuhi akiwa na ndoo au karai.

Wenu katika ujirani,
Kamati ya Ulinzi Shirikishi ya Mtaa