Kabla paja la kulungu halijaingia jikoni

Dagoretti, Nairobi
Oktoba

Ndugu yangu Barasa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi sote hatujambo. Mama yako nilikutana naye kanisani, anatembea vizuri, na kila akiniona anauliza habari za mjukuu anayetarajiwa.

Barua yako imenifikia. Umesema wenzako wa kazini huko Madison, jimbo la Wisconsin, Marekani, wamekualika kwenda kuwinda kulungu mwezi ujao, na mmoja wao amekwisha kukuahidi paja zima. Nimefurahi kwamba umepata watu wa kukukaribisha hivyo, na wala sikuandikii ili kukuzuia. Ila nyama ndiyo kazi yangu, na yapo mambo ambayo nataka uyajue kabla paja hilo halijafika kwenye sufuria ya shemeji, hasa sasa akiwa mjamzito.

Huku kwetu mzoga hautoki machinjioni bila muhuri, na kabla ya muhuri kuna mtu aliyesimama na kisu. Wiki hii nililetewa ng'ombe mnene, aliyeingia akitembea mwenyewe na macho yake maangavu. Nilipozipasua tezi za chini ya taya, kisu kikakwaruza chembe ngumu, na ndani mkawa na usaha mzito wa manjano. Nikafungua mapafu, nikakuta uvimbe uleule. Kifua kikuu. Mzoga wote ukatupwa, na mwenye ng'ombe alisononeka sana, lakini hakuna mtoto wa Kawangware atakayekula nyama ile.

Kulungu wa porini hana mtu huyo. Nyama ambayo mtu anawinda kwa ajili ya nyumba yake haikaguliwi kama ile ya dukani. Aliyempiga risasi ndiye mchinjaji, ndiye mkaguzi, na ndiye anayeamua iliwe au isiliwe. Ukienda nao, au ukipokea nyama yao, kazi yangu inakuwa yako.

Na usidhani kifua kikuu kiko kwa ng'ombe tu. Jirani zenu wa Michigan wanapambana nacho kwa kulungu wa porini tangu mwaka 1994, na mwaka 2004 mwindaji mmoja wa huko aliambukizwa kupitia kidole alichojikata akimpasua kulungu. Kwa hiyo vaa glavu, hata kama wenzako wanafanya kwa mikono mitupu. Ukiona usaha au vivimbe kwenye mapafu au kwenye ukuta wa ndani wa mbavu, simama hapo hapo, nyama hiyo isiliwe, na watu wa maliasili waitwe.

Linalonikosesha raha zaidi ni lile ambalo kisu hakiwezi kulionyesha. Kuna ugonjwa wa kudhoofisha kulungu, wao huuita CWD. Uligunduliwa Colorado mwaka 1967, na kwa Wisconsin ulipatikana kwanza mwaka 2002 karibu na Mount Horeb, yaani katika kaunti yenu hiyo hiyo ya Dane. Hausababishwi na bakteria wala virusi. Ni prioni, protini iliyokunjika vibaya ambayo inazigeuza protini nzuri za ubongo zifanane nayo, mpaka mnyama anakonda, anapoteza mwelekeo na kufa. Lakini kabla ya hapo anaweza kukaa mwaka mzima na zaidi akiwa na afya machoni pa kila mtu. Kulungu mnene, mwenye manyoya yanayong'aa, anaweza kuwa nao. Na moto hauiui. Uchemshe kutwa, uchome mpaka nyama iwe nyeusi, prioni ingali ipo.

Nikwambie kwa haki: hadi leo hakuna mtu aliyethibitishwa kuugua CWD kwa kula kulungu. Wenzako watakwambia hivyo, na watakuwa wanasema kweli. Lakini mimi nakumbuka ya Uingereza. Ugonjwa wa ng'ombe wazimu, ambao nao ni wa prioni, ulitambuliwa mwaka 1986, na watu wakaendelea kula wakiamini hauwezi kumfikia binadamu. Mwaka 1996 ndipo ikatangazwa kwamba umewafikia, na wamekufa huko zaidi ya watu 170. Sisemi kulungu watafanya vivyo hivyo. Nasema kipimo kipo, na jimbo lenu linampimia mwindaji bure, sasa kwa nini ule bila kupima? Kichwa pamoja na sehemu ya shingo kinapelekwa kwenye vituo vya jimbo, wanatoa tezi za nyuma ya koo na kuzipima. Shauri la wataalamu wa afya huko ni kwamba kulungu akikutwa na ugonjwa, nyama yake isiliwe.

Wakati wa kupasua, msikate ubongo wala uti wa mgongo kwa kisu mnachotumia kwa nyama. Toeni nyama kwenye mifupa, na msile ubongo, macho, bandama wala tezi. Kama nyama inapelekwa bucha, mwambieni aikate peke yake, maana baadhi yao husaga kulungu wa watu wengi pamoja, na hapo kipimo chako hakina maana tena.

Sasa shemeji. Kwake yeye ninaloogopa ni toksoplasma, kimelea kinachokaa kwenye nyama bila kuonekana. Mtu mzima mwenye afya huenda asijue kama amekipata, ila kwa mjamzito kinaweza kumpita mama na kumdhuru mtoto tumboni, macho na ubongo. Na hata wenye afya si wote wanaosalimika: mwaka 2017, hapo hapo Wisconsin, kundi la watu walikula pamoja nyama ya kulungu iliyopikwa nusunusu na wengi wao wakaugua. Wazungu wanapenda paja la kulungu likiwa jekundu katikati, na watawakaribisha hivyo kwa moyo mweupe. Yeye asile. Nyumbani pikeni mpaka ndani kabisa ifike nyuzi 74 za Selsiasi, nunueni kipimajoto cha nyama, si ghali. Kuionja mbichi ili kujua chumvi, hapana. Na hata kuikatakata asiikate yeye, fanya wewe.

Nyama ya kukausha nayo msiidharau. Oregon, mwaka 1995, watu waliugua E. koli kwa nyama ya kulungu waliyoikausha nyumbani. Bakteria hao hutoka kwenye utumbo, kwa hiyo risasi ikipita tumboni, sehemu yote iliyochafuka ikatwe na kutupwa, kuisuuza tu hakutoshi. Pale risasi ilipoingia pia toeni nyama kwa upana, vipande vya risasi husambaa mbali kuliko jicho linavyoona, na risasi ni madini yenye sumu ambayo mtoto aliye tumboni hayahitaji. Ukirudi kutoka msituni, jikague kupe mwili mzima.

Najua kukataa nyama uliyopewa ni jambo zito kwa mtu aliyelelewa kama sisi. Usikatae basi. Ipokee kwa mikono miwili, ushukuru, kisha muulize mwenzako mambo mawili: kulungu huyu aliwindwa wapi, na je, amepimwa? Wawindaji wenyewe wanaulizana hivyo, hataona vibaya. Kama majibu bado, andika jina lake na tarehe kwenye mfuko, weka kwenye friza na msiiguse mpaka yaje.

Niandikie ukijua siku ya safari, na uniambie pia shemeji anatarajia kujifungua lini, mama yako asije akasikia kwa watu wengine kabla yangu. Msalimie sana.

Nduguyo,
Wekesa