Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ukarabati wa Nyumba Kongwe za Mtaa

Ndugu wanachama,

Karibu kila nyumba iliyokaguliwa na kamati ya ufundi mwaka huu ilikutwa na ugonjwa ule ule: maji yameingia na hayana pa kutokea. Kwa hiyo fedha za ukarabati zimeanzia juu: paa, kisha mifereji na mabomba ya kuteremshia maji, kisha ardhi inayozunguka msingi. Lipu na rangi zinafuata mwisho. Baadhi ya wenye nyumba wamelalamika kwamba miezi inapita na nyumba bado haijapendeza. Tunawaelewa, lakini lipu mpya chini ya mfereji unaovuja ni fedha iliyotupwa. Udongo wa nje uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 au zaidi, na uinamie mbali na ukuta. Barabara ikiongezwa tabaka jipya mara kwa mara, kuta hufukiwa polepole bila mtu kugundua.

Adui wa pili ni saruji. Saruji ya Portland ilipata hataza Uingereza mwaka 1824. Nyumba za kabla ya kuenea kwake zilijengwa kwa chokaa, na kwa chokaa ndivyo zinavyopaswa kutengenezwa. Saruji ni ngumu kuliko tofali la zamani na huzuia unyevu kutoka. Viungo kati ya matofali vikizibwa kwa saruji, unyevu hutokea kwenye tofali lenyewe, chumvi huganda ndani ya vitundu vyake, na uso wake humeguka huku viungo vimesimama kama mbavu. Ndiyo sababu kamati imekataa maombi yote ya kuziba viungo kwa saruji, na itaendelea kuyakataa.

Mchanganyiko tunaoukubali ni sehemu 1 ya chokaa iliyozimwa kwa maji na kuivishwa chini ya maji kwa miezi 3 au zaidi, kwa sehemu 3 za mchanga mkali uliooshwa, wenye chembe kubwa na ndogo. Uwiano huo una sababu: mianya kati ya chembe za mchanga ni karibu theluthi ya ujazo wake, na kazi ya chokaa ni kuijaza. Viungo vichimbwe kwa tindo hadi kina mara mbili ya upana wake. Grainda hula kingo za tofali, na kingo zikishaliwa hazirudi. Lowesha ukuta, jaza, shindilia, kisha funika kwa magunia yenye unyevu kwa wiki moja. Chokaa hukomaa kwa kuvuta kabonidayoksaidi hewani, na ikikosa unyevu haiwezi. Mkikuta chokaa inayopukutika, ulizeni kwanza kama iliachwa ikaushwe na jua. Anayezima chokaa mbichi, yaani ambayo bado haijatiwa maji, aitie kwenye maji, kamwe asimwage maji juu yake: huchemka na kuruka. Miwani ni lazima.

Boriti huoza pasipoonekana, kwenye ncha iliyozama ukutani. Unyevu wa mbao ukikaa chini ya asilimia 20, kuvu haioti. Kata hadi ufikie mbao nzima, unga kipande cha mbao ya aina ile ile, na uache nafasi ya hewa kuzunguka ncha. Kung'oa boriti nzima kwa ajili ya nusu mita iliyooza ni kupoteza mbao ambayo leo haipatikani kirahisi.

Rangi ya zamani ihesabiwe kuwa ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, mpaka kipimo kionyeshe vingine. Isipigwe msasa mkavu, na watoto wasiwe karibu.

Nyumba moja iliyong'aa katikati ya magofu haifufui mtaa. Tumechagua nyumba zinazopakana: jukwaa la mafundi linahama kirahisi, na ukuta wa pamoja unatengenezwa pande zote mbili kwa mara moja. Hati ya Venice ya 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, inasema uhifadhi hurahisishwa jengo linapotumika kwa manufaa ya jamii, na kwetu jamii hiyo ni pamoja na wapangaji. Makubaliano yao ya kurudi, na kodi watakayolipa, yaandikwe na kusainiwa kabla jukwaa halijasimama. Bila karatasi hiyo, ukarabati unageuka njia ya kuwafukuza.

Mkutano mkuu utaombwa kupitisha mambo mawili: kuchimba mashimo ya kuivishia chokaa ya msimu mzima, maana kuisubiri ndiko kulikochelewesha kazi zaidi, na kusafisha mifereji ya kila nyumba mara mbili kwa mwaka, zikiwemo zilizokwisha kukarabatiwa.